Kifua cha mume wangu kinabana, changu kinachoma: nani apimwe kwanza?

Assalaam aleikum Daktari,

Mimi ni mama wa watoto wanne, nakaa Bombo. Mume wangu ni dereva wa trela. Anachukua mzigo Malaba anaupeleka Elegu, wakati mwingine anavuka mpaka Juba. Nina miaka 38, yeye ana 54. Nakuandikia kwa sababu nyumba yetu ina vifua viwili vinavyouma na pesa za kupimia kimoja.

Nianze na changu. Jirani yetu, mama wa rika langu, alianguka akifua nguo na hakuamka. Tangu msiba ule nasikia kitu kinanichoma upande wa kushoto, chini kidogo ya titi. Kinachoma ghafla, kinaacha, kinarudi. Nikijigeuza kitandani kinachoma, nikiinua jerikeni la maji kinazidi. Nikipabonyeza kwa kidole napata maumivu yenyewe. Usiku moyo unanienda mbio, vidole vinakufa ganzi, nahisi roho inataka kutoka. Kliniki ya mtaani walinipima presha wakakuta 118 kwa 76, wakanipa dawa za maumivu. Halafu kijana mmoja sokoni mwenye mashine ya kushika mkononi, ile inayosoma mwili mzima, akaniambia mishipa ya moyo wangu imejaa mafuta. Anataka shilingi 280,000 za dawa za unga. Sijamlipa bado.

Baba Zaituni yeye hakubali kwamba anaumwa. Anasema ni vidonda vya tumbo, na tembe za magnesiamu haziishi mfukoni mwake. Lakini baada ya Idd tanboi wake, yaani msaidizi wake kwenye trela, aliniambia kwamba mzee akipanda juu ya trela kukaza kamba za turubai, anashuka anakaa kwenye tairi, anaweka ngumi katikati ya kifua, jasho linamtoka. Anameza tembe, anakunywa soda, baada ya dakika chache anainuka anaendelea na kazi. Siku hizi hata kutoka yadi mpaka ofisi ya forodha pale Elegu anasimama njiani. Taya la kushoto lilikuwa linamuuma, akang'oa jino huko Gulu. Jino limetoka, taya bado linauma, tena linauma pamoja na kifua. Kwa hilo taya anakula diklofenaki za dukani. Anavuta sigara, na safari za usiku anatafuna mairungi (miraa). Baba yake alikufa ghafla akiwa na miaka 51. Ukoo walisema alitiliwa sumu.

Akiba yetu inatosha mtu mmoja kwenda Kampala kupimwa vizuri. Yeye anasisitiza niende mimi, kwa kuwa maumivu yangu ni makali na yake ni gesi tu. Majirani nao wanasema ugonjwa wa moyo ni wa matajiri wa Kololo. Nisaidie: dalili za moyo ni zipi hasa, na nani aende?

Mama Zaituni, Bombo

JIBU

Waaleikum salaam, Mama Zaituni. Pole kwa msiba wa jirani.

Aende Baba Zaituni. Aende kesho asubuhi, na hilo trela libaki lilipo.

Sijamwona wala sijamgusa, kwa hiyo siwezi kuapa kwamba ni moyo. Lakini habari alizokupa tanboi ni habari ambazo daktari yeyote akizisikia anaacha kalamu na kuinua kichwa. Kijana huyo mshukuru sana. Ameona vizuri kuliko mashine ya sokoni.

Watu wengi hupima hatari ya maumivu ya kifua kwa ukali wake. Yakichoma sana, wanaogopa. Yakiwa ya kubana tu, wanasema gesi. Mimi huuliza kwanza mambo mengine: yanaletwa na nini, yanaondolewa na nini, yanakaa muda gani, na mgonjwa anayaonyesha vipi kwa mkono. Hili la mwisho usilidharau. Wewe unaonyesha kwa ncha ya kidole, mahali pamoja, na ukipabonyeza maumivu yanakuja. Yeye anaweka ngumi nzima katikati ya kifua. Maumivu ya moyo mara nyingi hayana mpaka. Mgonjwa hawezi kukuonyesha sehemu moja, anakupa kiganja au ngumi, na mara nyingine anakataa kabisa kuyaita maumivu. Atakuambia ni uzito, ni kubanwa, ni pumzi kukata. Ndiyo maana mwanaume anaweza kutembea nayo miezi huku akisema haumwi.

Moyo ni msuli, nao una mishipa yake yenyewe ya kuulisha damu. Miaka ya sigara, presha, sukari na kolesteroli nyingi hujenga utando wa mafuta ndani ya mishipa hiyo mpaka njia inakuwa nyembamba. Akiwa ametulia, damu inayopita inamtosha. Akipanda juu ya trela na kuvuta kamba kwa nguvu zake zote, moyo unadai damu zaidi, njia haina nafasi, na msuli unaanza kulia. Akikaa chini, mahitaji yanapungua na maumivu yanaisha ndani ya dakika chache. Hali hiyo inaitwa anjaina.

Sasa tazama hizo tembe za magnesiamu. Kila mara anameza akiwa amekaa kwenye tairi. Anakaa, anapumzika, maumivu yanaondoka, na sifa zinakwenda kwa tembe na soda. Kumbe kilichomtuliza huenda ni kule kukaa. Kiungulia hakijali kama unapanda trela au unatembea kwenda forodha. Kinakuja baada ya kula, ukiinama au ukilala chali, na mara nyingi kinapandisha uchachu mpaka kooni. Vidonda vya tumbo navyo huuma zaidi pale juu ya kitovu, chini ya mbavu, tumbo likiwa tupu au usiku wa manane. Naam, mtu anaweza kuwa na vidonda na moyo vyote kwa pamoja, na hata kucheua au kupata nafuu ya dawa ya tumbo hakuondoi moyo kwenye orodha. Ninachosema ni kwamba maumivu yanayofuata kazi na kuondoka na mapumziko ni ya moyo mpaka daktari athibitishe vingine.

Na lile taya. Ubongo hupokea taarifa za moyo kupitia njia zinazokaribiana na za taya, shingo, bega na mkono, kwa hiyo moyo ukiumia mtu anaweza kusikia maumivu huko. Mkono wa kushoto ndio unaotajwa sana, lakini inaweza kuwa mikono yote miwili, mgongo kati ya mabega, au meno ya chini. Taya linalouma wakati mmoja na kifua, tena wakati wa kazi, si la kupeleka kwa mng'oa meno. Hizo diklofenaki aziache leo. Dawa za kundi hilo huchubua tumbo, na diklofenaki hasa inaongeza hatari ya shambulio la moyo. Tunazinunua dukani kama pipi, na hilo linanikera kila wiki.

Kinachonifanya niseme kesho badala ya mwezi ujao ni neno moja katika barua yako: "siku hizi". Zamani ilikuwa kamba za turubai. Sasa ni kutembea tu. Anjaina inayokuja kwa kazi ndogo kuliko mwanzo, au mara nyingi kuliko mwanzo, au mtu akiwa amekaa bila kufanya kitu, inaonyesha kwamba ule utando ndani ya mshipa hautulii. Ukipasuka, damu huganda juu yake na kuziba njia. Hilo ndilo shambulio la moyo lenyewe.

Kuhusu baba mkwe wako, sitaingilia mambo ya ukoo. Ila mwanaume wa miaka 51 akifa ghafla, mimi huuliza moyo kabla ya kumshuku jirani. Mzazi au ndugu wa kiume aliyepata ugonjwa wa mishipa ya moyo kabla ya miaka 55, au wa kike kabla ya 65, anaongeza hatari kwa waliobaki. Mwambieni daktari habari hiyo kama ilivyo, bila sumu.

Majirani wanaosema ni ugonjwa wa Kololo, waambie wahesabu: dereva anakaa kwenye kiti siku nzima, analala saa chache, anakula chipsi na rolex (chapati ya kuviringishwa na mayai) barabarani, anavuta sigara ili asisinzie, na mairungi yanausukuma moyo kwenda mbio na presha kupanda. Hao wa Kololo angalau wengine wanatembea asubuhi.

Mtakwenda wapi? Mkiwa Bombo, Kampala ni kama kilomita 35 tu, na Taasisi ya Moyo ya Uganda iko palepale hospitali ya Mulago. Ilianza mwaka 1988 na ndiyo yenye wataalamu na mitambo ya kutazama mishipa ya moyo kwa kupitisha mrija mwembamba. Lakini msipange safari ya mbali kama kuna hospitali ya karibu yenye kipimo cha umeme wa moyo, kile cha kubandika nyaya kifuani. Pita hapo kwanza. Wakiona jambo, watawaandikia barua ya rufaa na kuwasukuma haraka. Wapime pia presha, sukari na kolesteroli. Usafiri uwe wa gari, kiti cha abiria, na asibebe mzigo wala kukimbilia teksi.

Nenda naye wewe mwenyewe, uingie mpaka chumba cha daktari. Ukimwachia atasema "nina alsa", yaani vidonda vya tumbo, na atatoka na karatasi ya dawa za tumbo. Eleza wewe: ngumi, jasho, kamba, forodha, taya, baba yake. Katika ugonjwa huu maelezo ya mgonjwa ni nusu ya uchunguzi. Hata kipimo cha umeme kikitoka kizuri akiwa amelala kitandani bila maumivu, msirudi nyumbani mkishangilia. Mishipa inaweza kuwa imebana na karatasi ikaonyesha mapigo safi. Muulize daktari: "Kama si moyo, ni nini kinachomjia akitembea na kumwacha akikaa?" Akiwa na jibu lenye maana, vizuri. Akisema tu presha ni nzuri, haijatosha. Presha nzuri haimaanishi moyo mzima, kwake wala kwako.

Sasa wewe, maana na wewe unaumwa.

Maumivu ya ncha ya kidole, yanayochoma ghafla, yanayozidi ukijigeuza au ukiinua jerikeni, na yanayorudi ukipabonyeza, mara nyingi ni ya misuli ya kifua au ya pale mbavu zinapoungana na mfupa wa kati. Hayana mzaha, yanauma kweli, lakini hayaui. Paracetamoli kwa siku chache, kitambaa cha moto, na watoto wakubwa wabebe maji kwa muda. Moyo kwenda mbio usiku na vidole kufa ganzi, baada ya kumwona mwenzio akizikwa, inaelekea kuwa hofu. Hofu hukupumulisha haraka haraka, na ndiko kufa ganzi kunakotoka. Unaweza kukaa, ukavuta pumzi polepole kwa pua na kuitoa taratibu zaidi, mpaka mwili utulie. Na uzungumze na mtu kuhusu msiba ule. Pitia kituo cha afya cha serikali wakusikilize moyo na mapafu, wapime na wingi wa damu, kwa sababu upungufu wa damu nao huendesha moyo mbio. Hilo halihitaji akiba yenu.

Nisikuache ukidhani wanawake wamesamehewa. Mwanamke, mtu mzee, na mwenye kisukari wanaweza kupata shambulio la moyo bila ile ngumi ya kifuani: pumzi inakata, uchovu usio na sababu unawaangusha, kichefuchefu, jasho baridi, maumivu ya juu ya tumbo au mgongo. Wengi hutibiwa malaria huku moyo unakufa. Kwa hiyo hali yako ikibadilika, ukaanza kukosa pumzi kwa kutembea, kuzimia, kuvimba miguu, au kushindwa kulala bila kuinua kichwa kwa mito, usinikumbushe kwamba nilisema ni misuli. Nenda hospitali.

Hapa kwetu kuna mioyo mingi inayoumwa bila kifua kuuma kabisa. Kuna moyo uliotanuka kwa presha ya miaka mingi isiyotibiwa, na kuna vali zilizoharibika kwa watoto na vijana kwa sababu ya maambukizi ya koo yaliyoachwa bila dawa. Hao dalili yao ni pumzi, uchovu na miguu kuvimba. Ukiwa na mtoto mwenye koo linalouma na homa, halafu baada ya wiki chache viungo vinavimba kimoja baada ya kingine, mpeleke apimwe moyo. Usikubali kuambiwa anakua.

Kifua kinabeba mengine pia, na wasomaji wengine wataniuliza, kwa hiyo niyataje haraka. Maumivu ukivuta pumzi ndani, pamoja na homa na kikohozi, mara nyingi ni homa ya mapafu. Kikohozi cha wiki 2 au zaidi, jasho la usiku na kukonda, nenda ukapimwe kifua kikuu. Vituo vya serikali hawatozi. Ngozi inayowaka upande mmoja tu, na baada ya siku chache vipele vya maji vinafuata mstari, ni mkanda wa jeshi. Ila yapo mawili yasiyosubiri hata usiku mmoja. La kwanza ni pumzi kukata ghafla na kifua kuchoma, hasa kwa mtu aliyekaa safari ndefu au mama aliyejifungua karibuni, na pengine muundi mmoja umevimba: damu iliyoganda mguuni inaweza kuwa imepanda mapafuni. La pili ni maumivu makali mno yanayoanza kwa kishindo na kuchana mpaka mgongoni kwa mtu mwenye presha. Mshipa mkuu wa damu unaweza kuwa unachanika.

Kabla hamjafika hospitali, nyumba nzima ijue hili, na tanboi naye. Kifua kikimbana Baba Zaituni na kisiachie ndani ya dakika 15 amekaa, au kikaja na jasho baridi, kutapika, kukosa pumzi au kuzimia, akae ameegemea, asitembee hata kwenda barabarani. Atafune aspirini ya miligramu 300, aitafune kabisa badala ya kuimeza nzima, isipokuwa kama inamdhuru au ametapika damu au kupata choo cheusi kama lami. Tafuteni gari, si boda, na mwende moja kwa moja hospitali yenye daktari wa dharura. Duka la dawa litawapotezea saa moja, na katika saa hiyo msuli wa moyo unaendelea kufa. Msimpe dawa ya moyo ya jirani. Akianguka na kuacha kupumua, mlazeni chali sakafuni, weka viganja viwili katikati ya kifua na ukandamize kwa nguvu na haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha mpaka msaada ufike.

Yule kijana wa mashine, usimlipe. Hakuna kishikio cha mkononi kinachoweza kuona mafuta ndani ya mishipa ya moyo. Kama kingekuwepo, Mulago wasingehangaika na mrija.

Limebaki la kazi, na najua ndilo litakalowafanya mgombane usiku wa leo. Baba Zaituni asishike usukani mpaka daktari aseme. Mtu akizimia kwenye trela lenye shehena pale Karuma, hafi peke yake. Tajiri wake akilalamika, mwombe daktari karatasi yenye muhuri inayosema apumzishwe kazi akisubiri vipimo, umpelekee tajiri nakala na ubaki na ile yenyewe. Na kama mume wako atakataa kwenda kwa sababu anadhani anakunyima wewe matibabu, msomee barua hii yote, ukianzia kwenye ngumi.